Wanataka Niseme Mume Wangu ni Malaika Ndipo Atoke Gerezani

Mshauri, shikamoo. Najua barua ni nyingi hapo mezani kwako na wengine wana shida kubwa kuliko yangu, lakini mimi maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, kwa sababu kila mtu ninayemjua siku hizi yuko ndani ya kamati ya kumtetea mume wangu.

Mimi ni mshonaji, nashona sare za shule pamoja na wanawake wenzangu katika chumba kimoja chenye vyerehani mpaka mlangoni, na mume wangu ni kinyozi, au tuseme alikuwa kinyozi, maana huu ni mwaka wa tatu yuko gerezani, kifungo cha maisha, kwa kosa la kumuua fundi saa aliyekuwa na kibanda kando ya saluni yake. Hakumuua. Naomba uniamini hapo kwanza, kwa sababu yanayofuata yatakufanya ujiulize mimi ni mke wa namna gani.

Watu wanamwita Kipara, kwa kuwa kichwani hana unywele hata mmoja, na wateja walikuwa wakimtania kwamba alianza kujifunza kazi kwa kujinyoa mwenyewe akasahau kuacha. Yeye na fundi saa walikuwa hawapatani, hilo sikatai, mume wangu alikuwa anafungulia redio mpaka ukuta unatetemeka, na fundi saa naye anagonga upande wa pili akisema hasikii saa zake zikitembea, basi hapo watatukanana mpaka wapita njia wanasimama, lakini jioni fundi saa huyohuyo ndiye anayekuja kukaa kwenye kiti atengenezwe ndevu, alikuwa anasema Kipara ana mdomo mchafu ila mkono wake mwepesi.

Sasa fundi saa akavimba mguu, akawa hawezi kushuka ngazi, mume wangu akamfuata chumbani kwake na mkoba wa mashine na nyembe kwenda kumnyoa hukohuko. Mimi nikampigia simu kumuuliza anarudi saa ngapi, akapokea ameshatoka yuko kwenye korido, akaniambia, "Yule mzee nimeshammaliza, nakuja." Basi, hayo ndiyo maneno yote. Mama dobi, anayepiga pasi palepale kwenye korido, akayasikia. Asubuhi fundi saa akakutwa sakafuni amepigwa kichwani, amekufa, na saa za wateja zimebebwa zote. Polisi walipouliza nani aliingia humu jana, mama dobi akasema aliingia Kipara, na alipotoka nilimsikia akisema ameshammaliza.

Kwetu walipekua mpaka ndani ya mito na hawakuona saa hata moja. Mahakamani nikasimama nikasema mimi ndiye niliyekuwa kwenye ile simu, mwendesha mashtaka akaniuliza, "Alisema amemnyoa?" Nikasema hapana. "Alitaja ndevu? Alitaja wembe?" Nikasema hapana, lakini ndivyo anavyosema siku zote, hata saluni mtu akiinuka kwenye kiti yeye anaita, "Huyu nimemmaliza, anayefuata!" Yule bwana akatabasamu akasema mke mwema humtetea mumewe, watu wakacheka, nikashuka. Wakili tuliyekuwa naye wakati ule hakumwita mteja hata mmoja, alisema hayo ni mambo madogo na mahakama haina muda wa habari za saluni.

Hayo yamepita, na kilichonifanya nikuandikie ni haya ya sasa. Rufaa imekaribia. Wakili tuliye naye safari hii ni dada mmoja makini, alisema ingefaa watu wajue kuna kesi kama hii wasiisahau, basi ndipo ikaundwa kamati, na mwenyekiti wake ni mwuza miwani wa mtaani kwetu, mtu mwema, sisemi vinginevyo, ameacha hata biashara yake kwa ajili yetu. Kila jioni nikitoka kazini sirudi nyumbani, nazunguka na karatasi za kukusanyia saini, masokoni, vituoni, kwenye milango ya nyumba za ibada, nikieleza habari ileile mpaka nasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Wengine wanasaini bila kusikiliza. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akaniuliza, "Lakini kweli hakumuua?" Zimetengenezwa fulana, limetengenezwa na bango, ila hatukupata picha yake hata moja akiwa anacheka, wakachukua ya harusi, kwa hiyo sasa mji mzima unamtetea Kipara mwenye nywele.

Jumapili kuna mkutano ukumbini, watakuja watu wa redio, na mimi ndiye nitakayesema. Mwenyekiti ameniandikia cha kusema. Nimeandikiwa niseme kwamba mume wangu hajawahi kumwinulia mtu sauti, kwamba ndoa yetu ilikuwa ya kupigiwa mfano, na kwamba mama dobi alinunuliwa ili aseme uongo. Nilikisoma kazini wakati wa mapumziko, mwenzangu wa cherehani cha pili akakichungulia begani kwangu, akauliza, "Huyu anayeelezwa hapa ni nani?" Nikacheka mpaka nikalia.

Mshauri, mume wangu si malaika. Hakunipiga, lakini alikuwa ananitania mbele ya wateja mpaka natamani ardhi inimeze, nikipeleka chakula saluni nachungulia kwanza kama hakuna watu ndipo niingie, maana atasema tu jambo. Mama yangu alipozikwa alikuja kaburini akaondoka kabla halijaisha kufukiwa, akasema ana mteja anamsubiri. Siku ile nilisema moyoni, yamekwisha. Nilizungumza na kaka yangu, akakubali nirudi kwake, nikafunga mkoba nikausukuma chini ya kitanda nikingoja mwisho wa wiki. Polisi walikuja kabla ya mwisho wa wiki. Niliufungua ule mkoba nikatoa gauni la kuvaa kwenda kituoni, na tangu hapo sijapata nafasi ya kuondoka, kwa sababu utamwachaje mtu siku anayofungwa kwa kosa ambalo si lake, na kesho yake utamwachaje, na mwezi unaofuata?

Jambo jingine ni kwamba amebadilika. Nikienda kumwona anazungumza taratibu, ananiuliza mgongo wangu unaendeleaje, hajawahi kujua kama nina mgongo. Mwezi uliopita alilia, akasema akitoka tutaanza upya, akaniuliza, "Utanisubiri?" Nikamjibu, "Nipo." Akafurahi mno. Nimerudi nyumbani na ile furaha yake imenikaa kifuani kama tonge lililokwama, kwa sababu mimi sitaki kuanza upya, nimechoka, nataka atoke kwa sababu hakuua, halafu nataka nikakae kwa kaka yangu nisikie kimya.

Na mama dobi naye, watu wamekuwa wakimmwagia taka mlangoni, wateja wamechukua nguo zao, hana tena kazi. Nilikutana naye bombani tunakinga maji, akaniambia, "Mama, mimi nilisema nilichosikia. Ulitaka niseme nini?" Nikajitwika ndoo yangu nikaenda.

Nilimwambia mwenyekiti kwamba siwezi kusema yale aliyoandika. Akanijibu, "Shemeji, hakuna mtu atakayetoka nyumbani kwake Jumapili kumtetea mtu wa matusi. Watu wanataka malaika. Ukianza ukweli wako hapo jukwaani utamfunga mara ya pili." Sasa silali. Nikisema yale nitakuwa nimedanganya kila mtu, na dobi wa watu nitakuwa nimemmalizia. Nisiposema, na rufaa ikashindwa, nitajua hadi kufa kwangu kwamba ni mimi. Je, nisome tu kile nilichoandikiwa? Je, ni dhambi kumtetea mtu ambaye umeshamwacha moyoni? Nisaidie, mshauri, kabla ya Jumapili.

Mimi, Mke wa Kipara (kwa sasa)

*

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, na kwa kuwa hasira ndiyo iliyobaki juu, tuanze nayo.

Hivi ni nani aliyewadanganya ninyi kwamba mtu hatoki gerezani mpaka awe mpole? Mume wako hakushtakiwa kwa matusi. Hakushtakiwa kwa redio. Hakushtakiwa hata kwa kuondoka kwenye maziko ya mama yako, ingawa kwa hilo mimi ningemfunga mwenyewe wiki mbili hivi, ajifunze. Ameshtakiwa kwamba aliua. Kama hakuua, basi hakuua, awe mtamu au awe mchungu. Mwenyekiti wenu ana moyo mzuri, lakini amekuwa anamvisha mume wako kilemba cha ukoka mpaka uso wa mtu mwenyewe hauonekani. Na bango lenye nywele, jamani! Mteja wake wa zamani akilipita barabarani atajuaje kwamba ni yeye?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, mwanangu, kwenye hao wateja. Umeandika kurasa na kurasa, na jambo kubwa kuliko yote umelipitisha katikati kama mtu anayepita sokoni haraka. Umesema mtu akiinuka kwenye kiti, mumeo alikuwa anaita, "Huyu nimemmaliza, anayefuata!" Wangapi wamekaa kwenye kile kiti? Wangapi wamesikia hivyo kwa masikio yao, siyo masikio ya mke? Wewe mwenyewe ni mshonaji. Mteja akikuuliza, "Mama, umenimaliza?" huwa unakimbia kuita polisi? Mimi juzi nimetolewa damu hospitali, muuguzi akaniambia nimeshakumaliza bibi, nikavaa viatu vyangu nikaja zangu nyumbani, na mpaka leo niko hai nakugombeza. Yule mwendesha mashtaka aliyekucheka naye hunyolewa, na sidhani kama anajinyoa.

Wakili wenu wa kwanza alisema hayo ni mambo madogo. Kwa dogo hilohilo mtu amefungwa maisha. Sijui huyu dada wa sasa analijua kiasi gani, maana naona wote mmeshughulika na fulana. Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga cherehani, nenda kwake. Mwambie habari ya kile kiti na maneno yake. Muulize kama anaweza kuiomba mahakama ya rufaa iwasikilize wateja ambao hawakuitwa mwanzo. Mahakama inaweza kukubali na inaweza kukataa, mimi si jaji na sitakupa matumaini ambayo sina. Ikikataa, bado neno lenyewe lipo kwenye kesi, na wakili mzuri anaweza kulisimamia mpaka lisikike lilivyosemwa.

Sasa mama dobi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Yule mwanamke angeweza kutia chumvi. Angeweza kusema amemsikia Kipara akisema amemuua, na nani angembishia? Hakusema hivyo. Alilisikia neno akalibeba mpaka mahakamani kama lilivyo, bila kulipunguza wala kuliongeza. Kama angelibadilisha, leo msingekuwa na cha kushika. Ninyi mnammwagia taka mlangoni mtu pekee aliyewahifadhia neno la mume wako, na mmemwita mwongo kwa kuwa alisema kweli. Hilo ni jambo la aibu, na aibu hiyo ni ya kamati nzima, wewe ukiwemo, maana uliona ukajitwika ndoo.

Umwendee. Usizungumze naye habari za kesi hata nusu neno, wasije wakasema mmemshawishi shahidi. Hayo mwachie wakili. Wewe mwombe radhi kwa ajili ya taka, na umpelekee nguo zako apige pasi, mchana kweupe, watu wakuone ukiingia na furushi na ukitoka nalo. Na Jumapili mbele ya watu wote useme kwamba atakayemgusa tena mama dobi hakutetei wewe wala mume wako.

Kuhusu kusema, karatasi ya mwenyekiti mrudishie kwa adabu. Msalimie, mshukuru, usigombane naye, amejitahidi sana na mtamhitaji bado. Ila ajue kwamba saini hazimwongozi jaji, jaji anaangalia ushahidi. Watu mnaowaita Jumapili hawana kazi ya kupiga makofi, wana kazi ya kukumbuka. Wewe panda jukwaani useme hivi, kwa maneno yako: mume wangu ni mtu wa maneno makali, wengi wenu mmeyaonja, na mimi nimeyaonja zaidi. Sikuwaita mje mumpende. Nimewaita kwa sababu hakuua. Aliyewahi kunyolewa na Kipara, naomba akamwone wakili pale nyuma ya ukumbi, amweleze alikuwa mtu wa namna gani kazini na alikuwa anasema nini. Kisha ushuke.

Sikiliza vizuri hapa. Usiwatajie lile neno. Usiwakumbushe, usiwaulize kwa pamoja wakaitikia kama watoto wa shule. Kila mmoja aingie kwa wakili peke yake na kutoa alichonacho mwenyewe, kiwe kitamu au kichungu. Mkiwafundisha la kusema, mtakuwa mmemharibia kwa mikono yenu, na safari hii hakutakuwa na rufaa nyingine ya kukimbilia. Na wakija wenye matusi yao ya zamani, waliotukanwa na Kipara wakiwa na povu la sabuni usoni, wapokeeni kwa mikono miwili. Shahidi asiyempenda huaminika kuliko wewe.

Je, ni dhambi kumtetea mtu uliyekwisha kumwacha moyoni? Mwanangu, dhambi gani hiyo? Mke anayemtetea mume anayempenda, hata mwendesha mashtaka anaona ni kawaida, si alikucheka? Wewe umekuwa unazunguka na zile karatasi kila jioni kwa ajili ya mtu usiyemtaka, kwa sababu tu ameonewa. Sijaona wengi wenye moyo huo, na mimi nimesoma barua hizi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Umechoka, una haki ya kuchoka. Kuanzia wiki hii chukua jioni mbili uwe nyumbani, karatasi zizungushwe na wengine. Kamati si jina tu.

Limebaki la mwisho, na ndilo ulilokuwa unalikwepa. Ulipoulizwa kama utamsubiri, ukajibu "nipo." Wewe ulimaanisha upo hapo kwenye benchi unamwona kupitia kioo. Yeye akasikia upo maisha. Unaona basi jinsi neno linavyoweza kumpeleka mtu mahali ambapo msemaji hakwenda? Usimwache huko. Najua wengi watasema ngoja kwanza atoke, usimvunje moyo akiwa ndani. Mimi nakataa. Kwanza anaweza asitoke, na hapo utakuwa umejifunga naye kwa neno moja. Pili, akitoka, atakuja na mkoba wake mpaka mlangoni kwako akiwa amejenga nyumba nzima kichwani, na utambomolea siku yake ya kwanza ya uhuru. Ni bora alie sasa, muda wa kupanga upya anao.

Kwa hiyo siku ya kumwona ikifika, nenda. Ndugu yake mmoja wa upande wao aanze kwenda nawe, ili asije akabaki bila mgeni hata mmoja. Kaa chini, mwangalie, usizunguke, umwambie: "Mimi si mkeo tena, na ukitoka sitakuwa nyumbani. Lakini hukuua, na hilo nitalisema mahali popote nitakapoitwa, mpaka wasikie."

Ukishasema, nyamaza. Usimbembeleze, usianze kumhesabia makosa yake, usimpe hata lile la maziko. Akinuna, mwache anune. Hiyo nayo ni haki yake.